Mtikisa mkia wa kijivu kwenye majaruba ya chumvi Mkinga: ni mgeni wa mbali au nakosea? Naomba macho yenu

#1 Mleta uzi

Habari za jioni wanajukwaa. Naomba msaada, hasa wa nyie mnaotembeza wageni msitu wa Amani, Usambara Mashariki, na mnaowajua ndege wa msimu.

Mimi nanunua chumvi ya kukaushia ng'onda. Kila baada ya wiki mbili niko pwani ya Mkinga, kaskazini ya Tanga mjini, kwenye majaruba. Vijana wakijaza viroba, mimi natembea juu ya matuta na darubini yangu. Huu ni mwaka wa sita. Kitwitwi, sululu na yangeyange nimeshawazoea, na watikisa mkia pia nilidhani nimewazoea.

Kwa wasiomjua: mtikisa mkia ni ndege mwembamba, urefu kama sentimita 17, uzito karibu gramu 20. Anatembea hatua kwa hatua kama mtu mwenye safari, na mkia wake hautulii, juu chini, juu chini. Yule mweusi na mweupe mnayemwona sokoni na juu ya mabati ya Ngamiani ni mwenyeji, yupo mwaka mzima. Yule wa njano ni wa msimu. Anashuka kutoka Ulaya na Urusi, anaanza kuonekana mwisho wa Septemba na Oktoba, na Machi hadi Aprili anarudi kwao kuzaa. Huyo ukipita malisho yoyote ya ng'ombe wakati wa kaskazi utamkuta miguuni mwa ng'ombe anadaka inzi.

Jumamosi, saa moja na robo asubuhi, nilikuwa kwenye kona ambako maji baridi yanachuruzika kutoka chini ya minazi na kuingia jaruba la kwanza. Pale chumvi ni kidogo, kuna majani na tope. Watikisa mkia wa njano walikuwa kumi na mmoja, nimewahesabu mara mbili. Wa kumi na mbili alikuwa peke yake, amesimama ndani ya maji mpaka kwenye magoti, na hakuwa na njano hata chembe.

Niliandika palepale, kabla sijafungua kitabu. Nanakili daftari kama lilivyo:

"Mgongo kijivu kitupu, hauna kijani. Kifua na tumbo vyeupe, ubavuni kijivu. Mistari miwili myeupe kwenye bawa, mipana, inaonekana hata bila darubini. Mdomo mweusi wote. Shavu la kijivu, na weupe umelizunguka pande zote. Chini ya mkia nyeupe. Paji la uso lina rangi ya udongo hafifu. Anapenda maji kuliko wenzake. Mmoja wa njano alimfukuza, akarudi palepale."

Hilo shavu ndilo lililonishika. Chukueni kanga. Shavu ni mji wa kanga, na ule weupe ni pindo. Kwa yule wa njano pindo limekatika: linaanza kama nyusi juu ya jicho, linakwenda nyuma, halafu linaishia hewani. Kwa huyu pindo limepita juu ya jicho, likashuka nyuma ya shavu, likaungana na weupe wa koo. Limezunguka lote.

Kwa ninavyojua mimi, hiyo ni sura ya kinda wa mwaka wa kwanza wa Motacilla citreola. Jina hilo la pili limetokana na tunda la jamii ya limau, kwa sababu ya kichwa cha dume mzima. Hapa tumwite mtikisa mkia wa limau. Huyo kwao ni Siberia, Mongolia, nyanda za juu za Asia ya Kati na Urusi mpaka mashariki ya Ulaya. Baridi ikiingia anakwenda India na nchi za kusini mashariki mwa Asia. Wachache hufika Uarabuni na Ethiopia. Mkinga si njia yake.

Picha saba nimeziweka chini. Mbili ziko wazi, tano zimeungua kwa mwanga wa chumvi.

#2

Dada, mimi naona wa njano mchanga tu. Makinda ya njano mengine yanakuja yamepauka kabisa. Mwaka jana niliona wawili Pangani wa hivyohivyo.

#3

Mleta uzi, pongezi kwa daftari. Watu wengi hapa huleta picha moja na swali la maneno mawili. Mimi natembeza wageni upande wa Usambara Mashariki mwaka wa kumi na tisa sasa, kwa hiyo naomba nikubane kidogo, usinichukie.

Kwanza, chumvi. Jaruba lililokauka linarudisha mwanga kutoka chini kama bati jipya. Njano hafifu ya tumboni inafutika, nyeupe tupu inabaki. Zile picha tano zako zilizoungua siwezi kuzitumia kwa jambo lolote la rangi. Hizi mbili nyingine ndege amesimama juu ya tope, hizo nazikubali.

Pili, aliyosema mchangiaji #2 yana uzito. Makinda ya njano ya kijivu na nyeupe yapo. Ila yule wa njano wa kwetu kwa kawaida shina la mdomo wa chini limepauka, na chini ya mkia hakosi umanjano japo kidogo. Picha yako ya tatu inaonyesha mdomo mweusi mpaka shinani. Nimeivuta mpaka ikaanza kupasuka, bado nyeusi.

Tatu, na hapa ndipo penye kazi. Yupo mtikisa mkia wa njano wa mashariki ya mbali, Motacilla tschutschensis, anayezaa Siberia ya mashariki hadi Alaska na kwenda Asia ya kusini mashariki na Australia. Makinda yake mara nyingi ni ya kijivu na nyeupe kama huyu wako, na sauti yake ina ukali unaokaribia ule wa limau. Ukimtoa wa njano wa kawaida hujamaliza. Lazima umtoe na huyu.

Kwa hiyo nina maswali matatu. Alilia? Nafasi kati ya jicho na mdomo ni nyeusi au imepauka? Na lile pindo la shavu, je, linazunguka akigeuza kichwa upande wa pili pia? Upande mmoja manyoya yanaweza kuwa yamevurugwa na upepo.

#4 Mleta uzi

Kaka, sikuchukii hata kidogo, nashukuru sana. Ndiyo sababu nilikuja hapa.

Kati ya jicho na mdomo pamepauka. Kwa wa njano kuna kamstari keusi kanakoingia jichoni, kwa huyu sikukaona, na picha ya sita inaonyesha hivyo japo imeungua. Upande wa pili wa kichwa sikuuona vizuri. Kulia hakulia, au alilia upepo ukameza. Kaskazi ilikuwa imeshika.

Na niseme jambo moja ili mjue kwa nini naenda taratibu. Miaka mitatu iliyopita, mwezi Machi, niliona kwenye majaruba hayohayo dume mwenye kichwa cha njano kali kama kiini cha yai la kienyeji. Nikaandika "limau" kwa wino, nikawapigia watu simu. Mgongo wake ulikuwa wa kijani. Yule alikuwa wa njano wa jamii ya lutea, ambaye anazaa pande za Volga na Kazakhstan na anajaa Afrika Mashariki kila msimu. Dume la limau mgongo wake ni wa kijivu, na nyuma ya shingo amefungwa ukanda mweusi. Niliona kichwa, nikasahau mgongo. Tangu siku ile naanza na mgongo, kichwa nakiacha mwisho.

#5

Niulize tu wakuu, huyu naye anahesabiwa ndege mwimbaji? Maana uzi uko jukwaa la ndege waimbaji.

#6

#5, ndiyo. Wataalamu wanaangalia maumbile ya kiungo cha kutolea sauti, hawaangalii utamu wa wimbo. Watikisa mkia, mbayuwayu na hata kunguru wote wako kundi hilo.

#7

Naomba nichangie kama mtu wa bahari, ndege siwajui sana. Baba yangu alikuwa nahodha wa jahazi. Kaskazi inaanza kukaza Desemba na inatushikilia mpaka Machi, inatoka upande wa Uarabuni na Bara Hindi. Kwa upepo huohuo majahazi yalikuwa yakishuka na tende na mazulia kuja Tanga na Mombasa, yakisubiri kusi ili yarudi. Kama ndege huyu alikuwa anaelekea India akatupwa nje ya njia, mimi naona kaskazi inatosha kumleta Mkinga. Tulishawahi kuokota mbayuwayu amechoka juu ya foromali, ule mti unaoshika tanga, maili nyingi kutoka nchi kavu. Baba alimwekea maji kwenye kifuu, akanywa, akalala juu ya matanga mpaka tulipoiona Pemba.

#8

#7, maelezo yako yana maana, na picha ya huyo mbayuwayu kwenye kifuu nitakaa nayo. Lakini upepo ni sehemu tu ya jambo. Mimi nasoma elimu ya viumbe, niongeze kuhusu makinda.

Wageni wengi wanaopotea mbali ni wa mwaka wa kwanza, na mleta uzi amesema huyu ni wa mwaka wa kwanza. Kuna jaribio la Mholanzi Perdeck, lilitolewa 1958. Walikamata kwezi wa Ulaya zaidi ya 11,000 Uholanzi wakiwa safarini kwenda kusini magharibi, wakawavisha pete, wakawasafirisha kwa ndege mpaka Uswisi, wakawaachia. Ndege wazima waligundua wamehamishwa, wakakata kona kuelekea kwenye makazi yao ya baridi kaskazini mwa Ufaransa na Uingereza. Makinda yaliendelea na uelekeo uleule kana kwamba bado yako Uholanzi, yakaishia kusini mwa Ufaransa na Hispania.

Maana yake kinda anazaliwa na uelekeo, ramani anaipata kwa kusafiri. Watikisa mkia wa limau wa huko magharibi inabidi waelekee mashariki au kusini mashariki ili wafike India. Uelekeo ukipinda kidogo kwenye kurithi, au anga ikifunga siku mbili tatu, kinda halina kumbukumbu ya kujisahihisha nayo. Linakwenda tu mpaka likute maji na inzi. Tena jamii hii imekuwa ikipanuka kuelekea magharibi, miongo ya karibuni wanazaa mpaka Belarusi na nchi za Baltiki. Wanaoanza safari wakiwa magharibi wakiongezeka, wanaoangukia Afrika nao wataongezeka.

Na kwa watu wa Tanga: elimu hii imepita mlangoni kwenu. Reginald Moreau aliyeandika sana juu ya ndege wanaohama kati ya Ulaya, Asia na Afrika alifanya kazi Amani kuanzia 1928. Yeye alikisia ndege wapatao bilioni 5 wanaingia Afrika kila mwaka. Hesabu mpya ya 2009 iliwashusha hadi kama bilioni 2.1. Hata kwa hiyo ndogo, mmoja kujikuta Mkinga badala ya Kerala huko India si muujiza. Muujiza ni kuwepo mtu na daftari.

#9 Mleta uzi

Nimerudi. Sikungoja wiki mbili, nimekwenda Jumatano kwa basi la alfajiri.

Pale majaruba yupo mzee mmoja anayekusanya chumvi tangu kabla sijazaliwa. Nikamwamkia, nikamwonyesha picha kwenye simu. Akaitazama muda mrefu, kisha akasema: "Huyu nimemsikia. Sijamwona, nimemsikia. Wale wenzake wanalia kama mtoto anayepuliza, huyu anachana." Nikamuuliza anachana vipi, mzee wangu? Akashika kipande cha gunia kuukuu akakirarua mbele yangu mara moja. "Hivyo, mwanangu. Kila asubuhi, akiruka kutoka kwenye maji."

Sikuwa nimemwambia neno lolote kuhusu sauti. Mwili ulinisisimka.

Tukakaa wawili nyuma ya rundo la chumvi lililofunikwa makuti. Upepo ulikuwa bado mdogo, mawingu yamefunika, chumvi imepoa mwanga, kama kaka wa #3 alivyotaka. Saa kumi na mbili na dakika hamsini wa njano walishuka wanane. Sauti zao zote laini, swiip, swiip. Halafu ikapita moja kavu, fupi, zrrip. Mzee akanigusa bega kabla sijageuka. Akatua kwenye kona ileile, mita kama kumi na mbili kutoka tulipo.

Dakika ishirini na mbili. Nimeona pande zote mbili za kichwa. Pindo limezunguka kulia, limezunguka kushoto, na kwa juu limepakana na utepe mwembamba mweusi kabla ya utosi. Nyuma ya shavu pana upana wa punje ya mchele. Aliinama kunywa, mkia ukanyanyuka dhidi ya tope jeusi: chini ya mkia nyeupe kama karatasi. Mdomo mweusi. Alidaka inzi wadogo wa maji ya chumvi juu ya utando wa maji, mmoja mmoja, kwa kutupa shingo mbele, miguu haitoki ndani ya maji. Wenzake walikuwa juu ya tuta pakavu.

Nimepata picha kumi na nne nzuri na sauti mara tatu kwenye simu. Programu ya kutambua sauti imenipa jibu "wa njano" mara zote tatu. Naweka vyote chini, msikilize wenyewe.

#10

Programu hiyo inaangalia pia uko wapi na ni mwezi gani, halafu inakupa anayetarajiwa. Kwa mgeni asiyetarajiwa jibu lake usilitegemee. Nimesikiliza. Ya pili ni kavu kweli, haina ule mkia wa kupanda unaosikika kwa wa njano.

#11 (wa #3)

Nimetazama picha zote kumi na nne usiku, na leo asubuhi tena. Pindo kamili pande zote mbili, kati ya jicho na mdomo pamepauka, utepe mweusi juu ya nyusi, paji la udongo, ubavu wa kijivu, mkia chini mweupe, mdomo mweusi. Wa njano wa kawaida ametoka. Yule wa mashariki ya mbali sauti peke yake isingemtoa, lakini shavu linamtoa: kwake pindo halifungi nyuma, na uso unakuwa mweusi kuliko huu. Mimi nasaini limau.

Mpe mzee salamu zangu. Katika miaka yangu yote ya kutembeza watu, sijaona mtu aliyemtenganisha huyu kwa sikio bila kuambiwa.

Sasa usiiache iishie humu. Rekodi za namna hii zinapelekwa Kamati ya Ndege Adimu ya Afrika Mashariki, na zikikubaliwa zinachapishwa katika jarida la Scopus, linalotoka tangu 1977. Peleka daftari la siku ya kwanza bila kulisafisha, maana wanataka kujua uliona nini kabla hujashauriwa. Peleka picha zikiwa hazijaguswa rangi. Eleza ulivyomtoa kila anayefanana naye, na useme wazi nani alisikia nini na lini. Nakala nyingine weka kwenye eBird, ule mtandao wa kuweka kumbukumbu za ndege walioonekana, ili mtu wa Pangani au Bagamoyo anayekagua majaruba yake msimu huu ajue amtafute.

Na kama utarudi, angalia kinyesi. Uingereza wamewahi kupata vinasaba vya mtikisa mkia kutoka kwenye kinyesi na kumaliza ubishi. Kipande kikavu kwenye bahasha ya karatasi, usitie kwenye nailoni, kitaoza. Kutoa nje ya nchi kuna vibali vyake, hilo litafuata, cha kwanza ni kukihifadhi.

#12 (wa #2)

Nimefuta msimamo wangu. Wale wawili wa Pangani nimerudia picha zao, mdomo umepauka shinani na pindo limekatika. Wa njano wale. Asante kwa mfano wa kanga, sitausahau.

#13 Mleta uzi

Leo Jumamosi nimetoka huko. Usiku wa Alhamisi bahari ilijaa sana, maji yakavunja tuta la kona ile, na vijana wamelijenga upya kwa tope. Ule mchirizo wa maji baridi umegeuzwa. Wa njano walikuwepo tisa. Nimekaa kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa nne jua lilipokuwa haliwezekani.

Mzee anasema alimsikia Ijumaa alfajiri mara moja tu, juu, akipita kuelekea kwenye mikoko. Kisha akaingia kibandani kwake akatoka na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Ndani yake kuna vipande viwili vikavu, vyeupe na vyeusi, aliviokota Alhamisi mchana juu ya jiwe ambalo ndege alipenda kusimama, baada ya mimi kumsomea ujumbe wa #11 kwenye simu. Nje ya karatasi ameandika kwa kalamu ya mkaa, herufi kubwa: MCHANAJI.

Nimeiweka kwenye bahasha kavu pamoja na daftari. Fomu ya kamati naijaza usiku huu, na sehemu ya walioshuhudia tumeandika majina mawili.